Ukifika Homa Bay na Migori, Tega Sikio

KARIBU na mji wa Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo la maji ya kijani liitwalo Simbi Nyaima, yaani kijiji kilichozama. Wenyeji husimulia kwamba zamani palikuwa na kijiji mahali hapo. Usiku mmoja watu walikuwa wakinywa pombe, wakiimba na kucheza, mara akatokea bikizee mgeni, amechoka na njaa imemshika. Walimfukuza wasiharibiwe starehe yao. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyemkaribisha, akampa chakula na mahali pa kuota moto. Bikizee akamwonya amwite mumewe waondoke, lakini mume alikataa kutoka ngomani. Ikashuka mvua kubwa, na kijiji kikazama pamoja na ngoma yake.

Ni hadithi, naam. Lakini ina funzo kwa yeyote anayefunga safari kwenda sehemu hizo kutafuta nyimbo. Katika nchi hiyo ya ziwa, wimbo na mgeni vina uhusiano wa siku nyingi. Ngoma isiyompa mgeni nafasi haina heri, na mgeni naye asiyejua kusikiliza ni kama hakufika.

Ukitoka Nairobi kwa njia ya Narok na Kisii, utafika Rongo. Hapo njia hugawanyika: ukishika kulia unateremka Homa Bay, ziwani, ukinyoosha unapita Awendo kwenye mashamba ya miwa hadi Migori, na mbele kidogo ni Isebania, mpakani na Tanzania. Wengi wetu hupita njia hii wakati wa likizo ya Desemba, tukienda kuwaona babu na nyanya, huku watoto wameziba masikio kwa spika za simu. Safari hii hebu waambie wazitoe.

Nyuzi nane na kidole cha mguu

Anza na nyatiti, maana ndiyo mama wa muziki wa Waluo. Ni kinanda cha nyuzi nane kilichowambwa ngozi. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe, lakini siku hizi ni za nailoni, kama zile za wavuvi. Mchezaji huketi kwenye kigoda kifupi, kinanda kimelala mbele yake. Katika kidole gumba cha mguu wa kulia amevaa pete ya chuma ambayo huigonga kwenye ubao wa kinanda, na mguuni amefunga njuga ziitwazo gara. Hivyo mtu mmoja anapiga nyuzi, anagonga mdundo, analiza njuga na kuimba. Ni bendi nzima iliyoketi kwenye kigoda!

Wapo wachezaji wanaoeleza kwamba nyuzi nne ni za siku nne za kwanza za mtu duniani, na nne nyingine ni za siku zake za mwisho. Unapoisikia nyatiti kwenye matanga, maelezo hayo hayahitaji mkalimani.

Kwa desturi chombo hiki kilikuwa cha wanaume. Lakini katika miaka ya 2000 alikuja mgeni kutoka Japani, Eriko Mukoyama, akaketi kijijini Alego, Siaya, chini ya mwalimu mzee, akajifunza hadi akapewa jina la Anyango na kuanza kupiga nyatiti mbele ya watu nchini na ng'ambo. Ikiwa mtu wa Japani aliweza kuketi na kusikiliza, mjukuu wa Karachuonyo aliyezaliwa Umoja au Buruburu ana udhuru gani?

Pamoja na nyatiti utakutana na orutu, zeze la uzi mmoja lipigwalo kwa upinde, ambalo sauti yake hulia kama mtu. Kuna pia ohangla, ngoma nyembamba zilizowambwa kwa ngozi ya kenge, ambazo siku hizi huandamana na kinanda cha umeme na kujaza vilabu vya Homa Bay hadi usiku wa manane. Tony Nyadundo ni mmoja wa waliozifikisha ohangla katika kumbi za mijini.

Gita lililojifunza kutoka kwa nyatiti

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, gita lilienea vijijini. Vijana walilishika, lakini vidole vyao vilikuwa vimekwisha kuzoea sauti za nyatiti. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa benga katika miaka ya 1950 na 1960. Ukitaka kuielewa, usianze na maneno. Sikiliza kwanza gita la besi, kwani halikai nyuma kama katika muziki mwingine. Hukimbia na kurukaruka kama mtu anayecheza. Kisha sikiliza gita la kwanza likijibizana na waimbaji. Mwishoni waimbaji hunyamaza, magita yakapanda, na hapo ndipo wachezaji hupata wazimu wao. Katika santuri ndogo za zamani, wimbo mmoja mara nyingi ulikatwa vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande ule, kwa kuwa haukutosha upande mmoja.

Kwa mtu wa Migori, jina la kwanza ni Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz. Alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, mkoa wa Mara, Tanzania, karibu na mpaka wa Migori, akaja kutafuta maisha Kenya. Mpaka uliochorwa na wakoloni haukuwahi kumzuia wala kuuzuia wimbo wake. Aliimba mapenzi, Biblia na historia, na siasa akaificha ndani ya mafumbo. Mafumbo hayo yalifahamika vya kutosha kumtia matatani na wakuu, akakamatwa zaidi ya mara moja. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu mwezi wa Mei 2006.

Benga ilivuka mipaka mingine pia. Santuri za mtayarishaji Oluoch Kanindo zilifika Zimbabwe na kupendwa mno wakati wa vita vya ukombozi, hata watu wa huko wakauita muziki huo kanindo. Ama kweli, mcheza kwao hutunzwa, na huyu alitunzwa hata ugenini!

Jina lako litaulizwa

Ukihudhuria ngoma, uwe tayari kwa pakruok. Hii ni desturi ya kujisifu. Mtu husimama, hutoa pesa, na muziki hukatizwa. Hapo hujitaja: yeye ni nani, mwana wa nani, mkwe wa wapi, rafiki wa nani. Akimaliza, muziki huendelea naye akacheza kwa madaha. Mgeni wa mjini anaweza kuona ni majivuno na upotezaji wa pesa. La hasha! Ni njia ya kuwaambia watu kwamba una kwenu, na ni riziki ya mwanamuziki.

Na zamu yako itafika. Fikiria kijana wa chuo kikuu, amevaa vizuri, anaulizwa jina la babu yake na kijiji cha mama yake mbele ya umati, naye anabaki akikodoa macho. Aibu hiyo si ya kijana peke yake, ni yetu sisi wazazi ambao hatukumwambia. Kabla ya kusafiri, keti na watoto wako uwafundishe majina manne tu: babu, nyanya, ukoo na kijiji.

Visiwani na Ukuriani

Usidhani kila wimbo wa huko ni wa Kiluo. Vuka daraja la Mbita hadi Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, au panda boti hadi Mfangano, nawe uko kwa Wasuba. Lugha yao imemezwa na Kidholuo vizazi kwa vizazi, hata UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Ukimpata bikizee anayekumbuka wimbo wa kubembeleza mtoto kwa Kisuba, jua kwamba umeshika kitu ambacho huenda mjukuu wake hana. Muulize maana, uyaandike maneno, kisha umsomee mjukuu huyo.

Upande wa mashariki wa Migori, kutoka Isebania hadi Kehancha, ni kwa Wakuria. Wao wana iritungu, kinanda kingine cha nyuzi nane, kikubwa, chenye mvumo mzito unaousikia kifuani kabla haujafika masikioni. Lakini hapa lazima mgeni awe macho. Baadhi ya nyimbo za huko ni za msimu wa tohara, na ukeketaji wa wasichana umepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Usijitose katika msafara wa shangwe kabla hujajua unamshangilia nani na kwa nini. Kupenda nyimbo hakutulazimishi kusherehekea maumivu ya mtoto.

Wimbo wa kilio

Jambo la mwisho ni heshima. Nyimbo nyingi nzuri za sehemu hizo utazisikia matangani. Mama anayemlilia ndugu yake kwa wimbo hatumbuizi mtu. Yuko kazini, kazi ya kumsindikiza maiti. Usimtolee simu kumpiga picha. Omba ruhusa kwa wenye matanga, na wakikataa, iweke nyimbo moyoni. Kwa mwanamuziki wa kukodiwa, uliza kwanza, lipa, halafu ndipo unase sauti.

Nyimbo hizi zimebeba misiba mizito. Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya kufiwa na mumewe Prince Jully, Princess Jully aliimba Dunia Mbaya kuonya juu ya Ukimwi, wakati ambapo familia nyingi za ziwani zilikuwa zikizika vijana huku zikiogopa kuutaja ugonjwa huo. Watu waliucheza wimbo huo, na walipoucheza walisikia.

Wewe mwanafunzi uliyewahi kuimba wimbo wa Kiluo katika Tamasha la Muziki la shule, ukavaa sisali kiunoni na kushinda kombe, umeonja ncha tu. Jukwaani wimbo una waamuzi na mwisho wake. Kijijini huisha pale watu wanapotosheka.

Kama safari bado iko mbali, anza nyumbani. Tafuta Kothbiro wa Ayub Ogada, uliosikika duniani kote katika filamu The Constant Gardener ya mwaka 2005. Jina lake maana yake ni mvua inakuja, na ndani yake watoto wanahimizwa warudishe ng'ombe nyumbani kabla haijanyesha. Waite wanao, zimeni televisheni, mwusikilize pamoja. Kisha mpigie simu nyanya yao, umwombe awaimbie mmoja wa kwake.

Kule Simbi Nyaima mvua iliwakuta watu wanacheza, na hakuna aliyekuwa tayari kumsikiliza bikizee. Sisi bado tuna nafasi, na bikizee wetu yuko hai, anangoja simu ilie.