Maji ya kisima vuguvugu, je chini kuna moto?

Julai nilikuwa Kaole, hapa hapa Bagamoyo, kwa baba mdogo. Kachimba kisima cha mita 12, na alfajiri maji yanatoka vuguvugu. Akatokea jamaa akamwambia pale chini kuna joto la kufua umeme kama Olkaria kule Kenya, atoe laki tatu "lipimwe". Baba mdogo akaanza kutafuta hela. Nikamwomba asubiri kwanza.

Twende taratibu. Kwenye kina kile udongo haujui usiku wala mchana, unakaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima, ambao pwani yetu ni kama nyuzi 26. Alfajiri ya Julai kuna kibaridi, ndo maana maji unayaona ya moto. Nikamwambia, baba, hebu yaoge saa saba mchana. Akasema mbona ya baridi! Maji ni yaleyale.

Sasa joto la dunia linapimwaje? Linachimbwa shimo la mita mia kadhaa, linaachwa litulie maana kuchimba kwenyewe kunavuruga joto, halafu kinashushwa kipimajoto na kusomwa kila kina. Sehemu nyingi duniani joto linapanda nyuzi 25 hadi 30 kwa kilomita. Unapima pia mwamba unapitisha joto kiasi gani, kisha unazidisha hivyo viwili.

Tupige hesabu. Nyuzi 25 kwa kilomita na mwamba wa kawaida inakupa wati 0.06 hivi kwa kila mita ya mraba. Uwanja mzima wa mpira haufiki wati 500. Pasi ya umeme tu inataka 1,000!

Kwa mwendo huo, ili ukute nyuzi 200 utachimba kilomita 7. Olkaria iko ndani ya Bonde la Ufa, mawe ya moto yako karibu, visima vimekuta zaidi ya nyuzi 300 kwenye kilomita 2 au 3. Wanafua umeme tangu 1981.

Sisemi pwani hamna kitu. Luhoi kule Rufiji kuna chemchemi ya moto, maji yanapanda na joto lake kupitia nyufa. Ndo maana wataalamu wanaingiza miamba, nyufa na mwendo wa maji kwenye kompyuta kabla ya kuchimba. Kisima cha mita 12 hakiwaambii kitu.

Baba mdogo kabaki na laki tatu yake, kanunua pampu. Mdau, kama kwenu kuna maji ya moto, tuambie hapo chini: hata saa saba mchana ni ya moto?