Kujiamini na Kujiamini Kupita Kiasi

Alfajiri ya Oktoba 30, 1974, mabondia wawili wa Marekani walipanda ulingoni mjini Kinshasa, kila mmoja akiwa na hakika ya kushinda. George Foreman, bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwenye miaka 25, alikuwa ameshinda mapambano yake yote 40. Joe Frazier na Ken Norton, ambao kila mmoja aliwahi kumpiga Muhammad Ali, hawakumaliza raundi ya pili mbele yake. Ali alikuwa na miaka 32, na wengi waliamini ataumizwa.

Aliyetamba ni Ali. Foreman hakuwa msemaji. Majigambo, basi, hayatoshi kumtambua aliyepitiliza kujiamini.

Tofauti ilionekana baada ya kengele. Ali alianza kwa kushambulia, kisha akaona kuwa akiendelea kuzunguka ulingo mzima, atachoka mapema. Akabadili mbinu: akaegemea kamba, akaziba uso kwa mikono, akamwacha Foreman arushe makonde mazito katika joto la Kinshasa. Foreman, aliyezoea wapinzani kuanguka mapema, aliendelea vilevile hata nguvu zilipomwishia. Raundi ya nane Ali akamwangusha, na ubingwa ukawa wake.

Wote wawili walijiamini. Mmoja alisoma hali na kujirekebisha. Mwingine alitegemea rekodi yake.

Kujiamini kupita kiasi kumechunguzwa pia nje ya ulingo. Mwaka 1999, wanasaikolojia Justin Kruger na David Dunning wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwapima wanafunzi ucheshi, mantiki na sarufi, kisha wakawauliza wanajiweka wapi kati ya wenzao. Wanafunzi wa robo ya chini kabisa, ambao kwa wastani waliwazidi wenzao 12 tu katika kila 100, walidhani wamewazidi 62. Maelezo ya Kruger na Dunning ni kwamba ujuzi wa kufanya jambo ndio huohuo unaohitajika kugundua kosa. Asiye nao hukosea, na haoni kuwa amekosea.

Ndiyo maana hisia peke yake haitoshi. Mwanafunzi anayejiamini kwa haki hujibu mitihani ya miaka iliyopita na kumpa mwalimu asahihishe. Aliyepitiliza husoma daftari mara moja na kusema ameiva. Kabla ya kuchukua mkopo au kuacha kazi ili ufungue biashara, tafuta mtu anayeijua biashara hiyo, mwombe akuonyeshe penye udhaifu katika mpango wako, na umsikilize mpaka amalize.