Kinga ya Dawa za Kulevya Huanza Darasa la Kwanza

Mwaka 1985, watafiti wakiongozwa na daktari Sheppard Kellam waliingia katika shule 19 za msingi mjini Baltimore, Marekani. Katika baadhi ya madarasa ya kwanza walianzisha mchezo ambao haukugusia dawa za kulevya hata kidogo. Watoto wale walipofikisha umri wa miaka 19 hadi 21, walitafutwa tena. Kati ya wavulana waliosoma katika madarasa ya kawaida, asilimia 38 walikuwa wamewahi kupata tatizo la uraibu au matumizi mabaya ya dawa za kulevya. Kati ya waliocheza mchezo ule, ni asilimia 19. Kwa wavulana waliokuwa wakorofi zaidi tangu utotoni, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 68 dhidi ya 29.

Huo ni Mchezo wa Tabia Njema, ambao maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yalichapishwa mwaka 1969 baada ya kujaribiwa katika darasa moja lenye vurugu huko Kansas.

Unavyochezwa

Mwalimu huligawa darasa katika timu, akichanganya wavulana na wasichana, wapole na watundu. Kanuni chache hubandikwa ukutani. Mwalimu hutangaza kuwa mchezo umeanza, na somo linaendelea kama kawaida. Mtoto akivunja kanuni, mwalimu hutaja kosa bila kukaripia, kisha huitilia alama timu yake ubaoni. Timu ambayo alama zake hazikuzidi nne imeshinda, na timu zote zinaweza kushinda siku moja. Mwanzoni huchezwa dakika 10, mara tatu kwa wiki, na zawadi, pengine stika au kifutio, hutolewa papo hapo. Miezi ikisonga, muda huongezwa, mwalimu huacha kutangaza mchezo unaanza lini, na zawadi huwa dakika za ziada za mapumziko mwishoni mwa siku. Hivyo mtoto hujizoeza kungoja na kujizuia hata pasipo kusimamiwa.

Kinachobadilika ni maisha ya darasa zima. Wenzake hawamshangilii tena mtundu. Humtuliza, maana ushindi wao unamtegemea yeye. Kellam aligundua kwamba mvulana mkorofi akiangukia darasa la kwanza lenye fujo, ukorofi wake huzidi kwa miaka mingi baadaye. Akiangukia darasa tulivu, hupata nafasi ya kujirekebisha. Ukorofi wa umri huo ni miongoni mwa dalili za mapema za uraibu na ukatili wa ujanani, ndiyo maana kinga yake huanza mapema hivyo.

Mwaka wa pili

Funzo lililo muhimu zaidi kwa watu wazima lilikuja mwaka uliofuata. Walimu walewale walipokea watoto wapya wakaendelea na mchezo uleule, ila safari hii mafunzo na usimamizi walioupata vilikuwa vimepungua. Matokeo nayo yakafifia. Huko Uingereza, jaribio lililohusisha shule 77 lilipotolewa taarifa yake mwaka 2018, halikuonyesha kwamba usomaji wa watoto uliboreka kwa wastani. Takriban robo ya shule zilizopewa mchezo ziliuacha kabla ya wakati, na nyingine ziliucheza mara chache kuliko ilivyopangwa.

Programu iliyothibitishwa, basi, haitufai kwa jina lake. Hufaa ikitekelezwa jinsi ilivyopimwa. Zawadi zinaweza kubadilishwa zifae mazingira, na kanuni ziandikwe kwa lugha ya watoto. Lakini timu zilizochanganywa, alama zinazotolewa bila hasira, ratiba isiyorukwa na mshauri anayekuja darasani kumtazama mwalimu akifundisha, hivyo havipunguzwi. Ukiondoa kimoja, umebaki na kitu kingine ambacho hakuna aliyekipima.

Tusijifariji kwamba nia njema inatosha. Huko New Jersey, katika miaka ya 1970, vijana walipelekwa gerezani ili wafungwa wawatishe waache uhalifu. Watu wengi waliipenda mbinu hiyo. Majaribio ya mbinu za namna hiyo yalipokusanywa na kulinganishwa, yalionyesha kuwa vijana waliotishwa walielekea kufanya uhalifu zaidi kuliko walioachwa bila kupelekwa popote. Viwango vya kimataifa vya kinga vilivyotolewa na Umoja wa Mataifa navyo vinatahadharisha kuhusu kutegemea mihadhara na ushuhuda wa waliowahi kutumia dawa hizo. Hata hivyo, mara nyingi tunayowapa wanafunzi wetu ni hayohayo: mgeni rasmi, hotuba ya vitisho, picha ya pamoja, kwaheri.

Watoto wetu wanastahili zaidi ya hayo. Mradi wa kinga ukiletwa shuleni, mwalimu mkuu na wazazi waulize: umejaribiwa wapi, na ulilinganishwa na nini? Nani atamfundisha mwalimu, na nani atamtembelea muhula ujao? Fedha za mwaka wa pili ziko wapi? Asiye na jibu la swali hilo la mwisho arudi akajipange, kwa sababu mwaka wa pili ndio uliopunguza nguvu ya kinga hata kule Baltimore.