Tiketi Rahisi na Mgonjwa wa Rufaa

Msafiri wa Masasi anayetaka kupanda ndege huanza safari yake kwa basi, kilomita zipatazo 200 hadi Mtwara. Wengi hawaendi kutafuta anasa angani. Wapo wanaowahi msiba Dar es Salaam, na wapo wanaompeleka Muhimbili mgonjwa aliyeanzia matibabu yake Mkomaindo. Hao ndio tunaowafikiria tunapouzungumzia mtindo wa mashirika ya ndege wa kuligawa daraja la kawaida katika ngazi mbalimbali za bei na raha.

Daraja hilo lenyewe si la kale sana. Mwaka 1952 mashirika yalianza kuuza nauli nafuu ya kitalii katika safari za kuvuka Bahari ya Atlantiki, na mwaka 1958 likafuata daraja la ekonomi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, EVA Air ya Taiwan na Virgin Atlantic ya Uingereza ziliweka ngazi juu yake: kiti kipana na nafasi ya kunyoosha miguu, kwa bei kubwa zaidi. Kwa hilo hatuna ugomvi. Mwenye fedha zake na miguu mirefu anunue.

Mgawanyo wa kwenda chini ndio unaotutia mashaka. Mwaka 2012 Delta ya Marekani ilianza kuuza tiketi ya bei ya chini ambayo mnunuzi wake hakuruhusiwa kuchagua kiti mapema, kubadili tarehe wala kurudishiwa fedha. Kiti kilikuwa kile kile. Kilichopunguzwa ni haki iliyokuwamo ndani ya tiketi. Novemba ya mwaka huo huo Fastjet ilianza safari zake nchini kwetu, begi likilipiwa mbali. Tuwe wakweli: bei zake ziliwawezesha wananchi wengi kupanda ndege kwa mara ya kwanza. Shirika hilo limekwisha kuondoka, lakini biashara ya namna hiyo imeenea duniani kote.

Barabarani mambo ni wazi zaidi. Desemba 2023 LATRA ilipanga nauli ya basi la daraja la kawaida kuwa shilingi 48.47 kwa kilomita, na ya daraja la kati 67.84. Abiria huiona tofauti kwa macho yake kabla ya kupanda. Lakini ndege ya Q400 ya Air Tanzania ina viti 76, na 70 kati ya hivyo ni vya daraja la kawaida, vyote sawa. Hapo ngazi za bei haziwezi kuonekana kitini. Zimo katika masharti ya tiketi, na abiria huzitambua akwamapo.

Naye anayekwama kwanza ni mgonjwa. Daktari akiisogeza siku ya kumwona, au hali ikibadilika usiku, tiketi isiyobadilishwa tarehe imekufa. Jamaa waliochanga fedha za korosho watanunua nyingine kwa bei ya siku hiyo hiyo, ambayo kwa kawaida ndiyo kali kuliko zote. Tena msaidizi wake aweza kupangiwa kiti mbali naye, eti kwa kuwa hakulipia kuchagua.

Mashirika yatasema kuwa bila masharti hayo hapana bei nafuu, kwani kiti kilichoruka kitupu hakiuziki tena. Hoja hiyo ina nguvu, nasi hatudai tiketi zote ziwe sawa. Tunaiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ihakikishe kuwa masharti ya kila nauli yanasomwa kwa Kiswahili kabla fedha hazijapokewa, hata anunuapo mtu kwa wakala. Tunaomba pia mwenye barua ya rufaa aruhusiwe kubadili tarehe bila kupoteza nauli, na msaidizi wake akae kando yake. Katika ndege ya viti 76 watu wa namna hiyo hawawezi kuwa wengi kiasi cha kulifilisi shirika. Barua ya rufaa ina mhuri wa hospitali, na kuihakiki ni kazi ya simu moja.