Chonge: Jino, Umbo na Sitiari

Katika kazi za tafsiri ziandikwazo na wanafunzi wetu, mnyama wa kisitiari aliyeanzia safari yake katika Kiingereza aghalabu hufika katika Kiswahili akiwa amekwisha kupoteza ukali. Mtawala dhalimu aliyesemwa huko kuwa amedhihirisha meno yake makali, kama afanyavyo mbwamwitu, huandikwa na mwanafunzi mmoja kuwa "alitoa meno yote nje". Mwingine, aliyejitahidi kufungua kamusi, huandika kuwa "alionyesha chonge zake". Sentensi ya kwanza humfanya dhalimu acheke, kwa kuwa aliye na meno nje, kwa Mswahili, ni mtu aliyefurahi. Ya pili haina kosa lolote la kisarufi, ila haisemi kitu. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini haisemi kitu, na ni wapi hasa neno chonge na jamaa zake hufanya kazi ya sitiari.

Tuanze na maana ya wazi. Chonge ni jino lenye ncha lililo kati ya meno ya mbele na magego. Binadamu mzima anazo 4, mbili juu na mbili chini. Simba, chui, fisi na mbwa wanazo kubwa, na za nyani dume hutisha vile vile. Panya hana hata moja. Baina ya meno yake ya mbele na magego kuna nafasi tupu. Hata hivyo, ni panya huyo huyo asiye na chonge ambaye Waswahili wamemfanya kielelezo cha adui wa siri, yule aumaye huku akipuliza.

Kwa wanyama wakubwa wenye meno ya thamani, lugha haikufuata taya bali umbo na matumizi. Meno marefu yaliyopinda ya kiboko, yaliyo katika taya la chini, kwa hakika ni chonge, lakini huitwa meno ya kiboko tu. Meno marefu ya ndovu ni ya mbele, wala si chonge, nayo yakapewa jina la pembe, kana kwamba yameota kichwani. Mtaalamu wa wanyama ana haki ya kulalamika. Lakini methali isemayo kwamba jino la pembe si dawa ya pengo yatuonyesha kuwa wenye lugha walijua vema kwamba pembe hiyo yaweza kurudishwa kinywani, japo kwa kuazima.

Sasa umbo la neno. Sioni shaka kwamba chonge limetokana na kitenzi chonga. Irabu -e mwishoni mwa nomino itokanayo na kitenzi mara nyingi huashiria kilichotendwa, wala si mtendaji: mtume ni aliyetumwa, kiumbe ni kilichoumbwa, mteule ni aliyeteuliwa. Ushahidi ulio bora kupita wote ni jozi ya mshindi na mshinde, ambapo irabu moja humtenga aliyeshinda na aliyeshindwa. Basi chonge, kwa umbo lake, ni kilichochongwa. Jina hili halilitazami jino kama silaha ya mnyama. Hulitazama kama kazi ya mkono, mfano wa kijiti au mkuki uliotiwa ncha. Tukumbuke pia kwamba kuchonga meno kulikuwa desturi halisi katika baadhi ya jamii zetu, wakiwamo Wakamba na Wamakonde, na meno yaliyochongwa hivyo yalikuwa urembo, si tishio. (Chongo, la jicho, tuliache kando. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa ujamaa, na apendaye kuliita kengeza na aliite.)

Hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Sitiari ya kudhihirisha ubaya yahitaji kitu kinachoweza kufichwa, na Kiswahili kimechagua makucha. Paka hutembea juu ya zulia bila kulikwaruza, kisha siku moja makucha yakatoka. Chonge za mbwa huonekana hata akipiga miayo. Kwa hiyo dhalimu wa mwanafunzi wetu alipaswa kuonyesha makucha, na wapinzani wake kuyakata. Nguvu ya kutekeleza, kwa upande mwingine, imepewa jino kwa jumla. Twasema sheria isiyo na meno, na hata kama usemi huu umeingia kwa mlango wa magazeti yanayotafsiri kutoka Kiingereza, umekaa vizuri katika lugha iliyokuwa na neno kibogoyo tangu zamani. Hata methali ya mbwa, mnyama ambaye chonge zake twaziona kila siku, yasema kuwa meno ya mbwa hayaumani, haisemi chonge.

Je, mzizi huu ni mkavu kabisa katika sitiari? La. Ukali wake umehamia katika maneno. Kuchongea ni kumsema mtu kwa mkubwa wake ili adhurike, na mwenye tabia hiyo ni mchongezi. Umbo lake ni la kauli ya kutendea, nami naliona kuwa ni kumtilia mtu ncha: mchongezi hang'ati, bali hunoa neno akamkabidhi mwingine alichome. Katika mazungumzo ya siku hizi, hasa Tanzania, anayechonga ni yule asemaye mno. Pembeni ya ukoo huu yapo chongoka, litumikalo kwa miamba yenye ncha, na mchongoma, mti wa miiba ambao methali yaonya kwamba kuupanda si kazi, kushuka ndiyo ngoma. Katika yote haya hapana mnyama hata mmoja. Ipo ncha, na mara nyingi yupo mtu aliyeitia.

Jambo hili si dogo kwetu Kenya. Mtoto wa Tanzania anayesoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi hukutana na chonge pamoja na magego katika somo la mwili wake. Wa kwetu, anayesoma sayansi kwa Kiingereza, hukutana nalo kwanza katika kamusi, mkabala wa neno la kigeni lililobeba sitiari zake lenyewe, naye hudhani kuwa maneno mawili yaliyo sawa kwa jino ni sawa kwa kila jambo. Mtunga kamusi ya lugha mbili angeweza kumwokoa kwa mstari mmoja tu. Baada ya maana ya jino, aandike kwamba kwa maana ya kutisha au kufichua ubaya mtumiaji atazame kucha, na kwa maana ya mamlaka atazame jino. Kisha chini ya chonga aweke chongea, badala ya kuliacha mbali kama neno lisilo na wazazi.