DAR ES SALAAM HADI MWANZA KWA NDEGE

Ukienda Mwanza kwa basi kutoka Dar es Salaam, unapita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga. Njia hiyo inazidi kilomita 1,100. Lakini ndege haifuati barabara. Inakata moja kwa moja angani. Kwa hiyo safari yake ni kilomita 850 hivi.

Ndege ya jeti ikishafika juu hukimbia kama kilomita 800 kwa saa. Je, itafika kwa saa moja tu? Hapana. Wakati wa kupaa na wa kutua mwendo wake ni mdogo. Ndiyo maana safari huchukua kama saa moja na nusu. Ndege ya pangaboi huchelewa zaidi.

Sasa angalia sana saa iliyoandikwa kwenye tikiti. Haifuati saa zetu za Kiswahili. Ukiona 07:00, usidhani ni saa saba mchana. Ni saa moja asubuhi! Fanya hesabu: 7 toa 6, inabaki 1. Ukiona 13:00, toa 6, inabaki 7. Hiyo ndiyo saa saba mchana. Ukikosea hapo, utakuta ndege imekwisha ondoka, na nauli yako huenda ikapotea.

Tena wahi uwanjani. Kama ndege inaondoka saa saba, wewe uwe umefika saa tano. Ndege haimngoji mtu.

Zoezi: Tikiti imeandikwa 10:00. Ndege itaondoka saa ngapi? (Jibu: saa nne asubuhi.)