Sauti na Maana katika Uandishi wa Majina: Funzo la Hati za Kinahuatl kwa Sajili za Nakivale

Makala haya yanajadili kosa moja katika ufasiri wa majina ya watu: msomaji kuona maana mahali ambapo mwandishi aliweka sauti tu.

Mfano wa kwanza unatoka Meksiko ya karne ya 16, chini ya utawala wa Wahispania, ambako waandishi wa Kinahuatl waliendelea kuandika majina kwa alama za picha. Jina Itzcoatl lina maana ya nyoka wa obsidiani, yaani jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo. Katika Kodeksi ya Mendoza limechorwa nyoka mwenye vipande vya jiwe hilo. Picha na maana zinaafikiana. Katika Kodeksi ya Vergara, jina hilohilo limeandikwa kwa jiwe, chungu na maji. Chungu ni comitl na maji ni atl. Vimewekwa kwa ajili ya silabi co na a. Anayetafuta chungu katika maana ya jina amepotea njia.

Mfano wa pili u karibu nasi, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wanamoishi watu kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia. Sikio lililozoea Kiswahili laweza kuligawa jina Hakizimana kuwa "Haki Zimana". Neno "haki" halimo. Katika Kinyarwanda na Kirundi jina hilo ni sentensi kamili: Mungu ndiye aponyaye. Vilevile, tahajia ya Kisomali iliyorasimishwa mwaka 1972 huandika Cali na Xasan kwa majina ambayo wengine huandika Ali na Hassan.

Mtu huyo akifika Ruti, mjini Mbarara, na karatasi mbili zenye tahajia mbili, anaweza kuhesabiwa kuwa watu wawili, au kushukiwa udanganyifu, ilhali kosa ni la usomaji.

Hivyo basi, makala yanapendekeza sajili iwe na nafasi tatu: jina kama mwenyewe anavyoliandika, lugha ya jina hilo, na tahajia nyingine alizowahi kuandikiwa. Mtafiti wa hati za Kinahuatl hana tena mwenye jina wa kumwuliza. Karani wa Nakivale anaye, mbele ya meza yake.